Punguzeni kilo kabla ya kutafuta injini

Wiki iliyopita nilipita kwenye gereji moja mjini Jinja nikakuta vijana watatu wakibishana juu ya Toyota Starlet kuukuu. Wanataka kuiingiza kwenye mbio za magari Mbale. Mmoja aliapa kwamba bila injini ya Subaru watakuwa wasindikizaji tu. Fedha za injini hiyo hawana, kwa hiyo gari limekaa juu ya mawe tangu Krismasi.

Mimi sikubaliani naye. Mwaka 1911, katika Grand Prix ya Ufaransa kule Le Mans, Victor Hémery alishinda kwa Fiat yenye injini ya lita 10. Aliyeshika nafasi ya pili ni Ernest Friderich, akiendesha Bugatti Type 13: injini ya lita 1.3, uzito kama kilo 300 hivi. Mwaka 1921 mjini Brescia, Italia, Bugatti za aina hiyo, sasa zikiwa na vali nne kwa kila silinda, zilizoa nafasi nne za kwanza katika mbio za magari madogo.

Hapakuwa na uchawi. Gari jepesi huchomoka upesi, breki zake hazichemki haraka na kwenye kona halivutwi nje sana. Tena Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Huko injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake, na ukipanda Wanale hasara inazidi. Lakini kilo ulizoziondoa Jinja hazikufuati mlimani.

Sisemi Starlet itaipiku Lancer yenye turbo kwenye matope ya Bugisu. Magurudumu manne yanayosukuma ni kitu kingine. Lakini lipo daraja la magari yanayoendeshwa kwa magurudumu mawili, na humo fundi wetu ana nafasi. Ang'oe viti vya nyuma, zulia na kila chuma kisicho na kazi. Asiguse kizimba cha mabomba kinachomlinda dereva! Friderich alikimbia bila mkanda, na hilo tusimuige.

Waandaaji nao watoe zawadi, hata ndogo, kwa gari la daraja hilo lililotengenezwa katika gereji za hapa.

Nilipoaga, vijana wale walikuwa wamekwisha ng'oa kiti cha nyuma na kukikalia, wakiulizana pa kupata mizani.