Ei Si Dikteta Tu

Wenzangu darasani wanashikilia kwamba Ei, mtawala asiyekufa wa Inazuma katika mchezo wa Genshin Impact (2020), ni dikteta tu. Mimi nakataa katakata. Naam, alifunga mipaka na kuwapokonya watu vito vyao vya nguvu, na aliyepokonywa husahau hata alichokitamani maishani. Hilo silitetei. Lakini jamani, imani hiyo aliitoa wapi? Miaka 500 kabla, pacha wake Makoto aliuawa huko Khaenri'ah, na marafiki zake wakaisha. Akaona kusonga mbele ni kupoteza. Afadhali kila kitu kisimame palepale. Akajifungia ndani ya upanga, kiti akamwachia mwanasesere.

Kwetu, tangu kaka afariki, kalenda ya mwaka ule ingali ukutani. Mama si dikteta. Ila juzi mdogo wangu aliomba kulalia kitanda cha marehemu, akakaripiwa vibaya sana. Hapo ndipo nilipomwelewa Ei, na hapo hapo nikaona anapokosea. Usiku ule mtoto alilala mkekani, kitanda kitupu kando yake.