Msimwite Tycho Brahe karani

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha nne. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili, watoto wakiwa juani, na alipopewa kipaza sauti akawaonya wasiwe kama Tycho Brahe, "karani wa nyota" aliyejaza namba kwenye madaftari mpaka alipotokea Kepler mwenye akili zake akavumbua. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na hasira haijanitoka.

Tumelishwa uongo huu tangu shule: anayewaza ndiye mwanasayansi, anayepima ni kibarua wake.

Agosti 1563, Brahe hajafikisha hata miaka 17, alitazama Mshtarii na Zohali zikikaribiana angani. Majedwali ya zamani yalikuwa yamekosea tukio hilo kwa mwezi mzima. Yale yaliyofuata hesabu za Copernicus yalikosea kwa siku kadhaa. Nadharia zilikuwa tele, vipimo havikuwapo. Mwaka 1576 Mfalme Frederik wa Pili wa Denmark akampa kisiwa cha Hven, na huko akapima kwa miaka 20.

Itazameni kazi yenyewe. Ukutani kuna robo duara ya shaba, kutoka kitovu hadi ukingoni karibu mita mbili. Mtu wa kwanza anailenga nyota na kutaja alama. Wa pili anasoma saa. Wa tatu anaandika. Baridi inauma, na darubini haijabuniwa bado. Kesho usiku wanarudia nyota ileile. Digrii moja ina dakika 60. Vipimo bora vya Brahe vilikosea kwa dakika moja hivi.

Sasa njooni kwa Kepler mnayemshangilia. Alihangaika na Mirihi kwa miaka, akapata njia ya duara iliyopishana na vipimo vya Brahe kwa dakika 8, kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Angeweza kusema mzee alikosea. Hakusema, maana alijua Brahe hakosei dakika 8. Akalitupa duara lililoaminiwa kwa karne na karne, akafika kwenye duaradufu, na mwaka 1609 akachapisha. Dakika 8! Bila "karani" huyo, Kepler angelala na duara lake akiamini kamaliza.

Nilipomweleza jirani yangu pale ukumbini, akanijibu: "Lakini si aliamini Jua linaizunguka Dunia?" Aliamini, ndiyo. Hoja gani hiyo? Mwenye duka akiamini uchawi, mizani yake inapunguza kilo? Wengine hawajui lolote la Brahe ila pua aliyokatwa kwenye pambano la panga mwaka 1566, na wanadhani wamemjua.

Hasira yangu ina chanzo. Nilikosomea sekondari tulipewa jibu kwanza, jaribio baadaye. Tulining'iniza kipande cha chuma kwenye uzi, tukakibembeza mara mbili tatu, kisha tukakaa chini kutafuta sekunde zitakazotoa 9.8, namba ya mvutano wa Dunia iliyo kitabuni. Tuliita kupika. Aliyepika vizuri alipata alama zote. Mwenzetu mmoja aliyeandika alichokiona akapata sifuri na kuchekwa. Mpaka leo watoto wanapika, halafu tunawapelekea mgeni rasmi awaambie kupima ni kazi ya makarani.

Walimu wa fizikia, nawaomba: mtoto akipima kwa uaminifu akapata 9.2, msimfutie. Mwambieni apime tena kesho.