Nitrati Katika Tangi la Samaki wa Baharini

Mwenye kufuga samaki wa baharini ndani ya tangi la kioo aghalabu huyaamini mno macho yake. Maji yakiwa maangavu, hudhani mambo ni shwari. Kumbe nitrati haina rangi wala harufu, na huweza kurundikana kwa miezi mingi hadi matumbawe yakadhoofika na mwani ukatambaa juu ya kila jiwe.

Asili yake ni chakula. Kinyesi cha samaki na makombo huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na katika matangi mengi safari huishia hapo. Bakteria wengine, wale waigeuzao nitrati kuwa hewa ya nitrojeni, hufanya kazi hiyo pasipo na oksijeni: ndani kabisa ya vitundu vya mawe ya matumbawe, au chini ya mchanga wenye kina. Tangi lenye mawe machache huwakosa wafanyakazi hao.

Dawa ya kwanza ni kubadili maji, lakini hesabu yake yafaa ieleweke. Tangi la lita 200 lenye miligramu 80 za nitrati kwa kila lita, likibadilishwa maji lita 40, hubakiwa na 64. Mara ya pili 51. Mara ya tatu 41. Hiyo ni iwapo maji mapya hayana nitrati kabisa, na samaki hawajaongeza nyingine. Maji ya kisima kilicho karibu na choo, au na shamba lililotiwa mbolea, huenda yakawa nayo tele. Basi mfugaji hurudisha kwa ndoo kile alichokwisha kukimwaga. Heri maji hayo yapimwe kabla ya kutiwa chumvi. Wenye pupa huyabadili maji yote kwa siku moja, na mabadiliko hayo ya ghafla huweza kuwaua samaki waliokusudiwa kuokolewa.

Chakula nacho kipunguzwe, kiwe kile tu kinachomalizika kwa dakika mbili au tatu. Sifongo ya chujio ioshwe mara kwa mara, tena kwa maji yaliyotolewa tangini, maana klorini ya maji ya bomba huua bakteria.

Wengine hupanda mwani katika tangi dogo la kando, chini ya taa, maji yaleyale yakipita humo. Mwani hula nitrati unapokua. Sharti uvunwe, kwani ukiachwa hata ukafa, huirudisha majini.