Motere ya boti ikizeeka, itengenezwe au inunuliwe mpya?

Lubondja haina ufuko, lakini bei ya chumvi na sabuni katika soko lake huanzia ziwani. Mzigo ukishafika Baraka kwa boti ndipo unapopandishwa milimani, kwa pikipiki na kwa migongo ya watu. Motere ya boti ikifa Baraka, mwenye boti haumii peke yake.

Na motere nyingi zinazosukuma boti za mbao kwenye pwani ya Fizi ni kuukuu, zimefunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko mlango wa duka. Swali la kutengeneza au kununua mpya haliepukiki. Tatizo ni namna linavyoulizwa.

Mwenye boti humuuliza fundi ni dola ngapi. Fundi hutaja bei ya vipuri na ya kazi yake, mazungumzo yanaisha. Siku ambazo boti italala mchangani ikingoja pistoni kutoka Kigoma au Bujumbura hazihesabiwi, wala abiria watakaohamia boti nyingine. Motere inayodai dola 80 kila miezi miwili imekula dola 480 kwa mwaka, na siku za kulala bado hazijaingia. Fundi naye yuko pagumu: analipwa akitengeneza, halipwi akisema motere imekufa. Tena kijana kumwambia papa mwenye boti kwamba mali yake imekwisha si jambo jepesi.

Wako wanaofuata kanuni ya nusu bei: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya motere mpya, nunua mpya. Kanuni hiyo inafaa penye duka la mtengenezaji na benki ya kukopesha. Fizi, pesa ya motere mpya hutoka kwenye likelemba au kwa kuuza shamba, na aliyeikosa huangukia motere ya mtumba iliyopigwa rangi upya, ambayo hakuna ajuaye imefanya kazi saa ngapi. Hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Mtu anamuuza mgonjwa anayemjua na kununua mgonjwa asiyemjua.

Kabla ya lolote, motere ipimwe. Kuna kipimo kidogo kinachofungwa mahali pa buji, kinachoonyesha nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Silinda zote zikitoa namba zinazokaribiana na zisizo chini ya zile za kitabu cha motere, moyo bado mzima. Ugonjwa unaweza kuwa kabureta chafu, buji, au mpira wa pampu ya maji, kitu cha bei ndogo ambacho wengi hungoja hadi kikatike na motere ichemke. Hiyo itengenezwe bila kusita. Lakini silinda moja ikiwa dhaifu sana kuliko mwenzake, na oili ya gia ikitoka na vipande vya chuma, kuendelea kuifungua ni kulisha shimo.

Halafu kuna esansi. Motere nyingi za aina hii hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za esansi. Ufukweni kipimo hicho mara nyingi ni jicho. Motere mpya ikinyweshwa mchanganyiko wa kukisia itafuata ile ya zamani kaburini, na asiyetaka kuacha desturi hiyo afadhali abaki na pesa yake.

Mbao nazo zigongwe. Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, iliendelea kutumika Ziwa Tanganyika baada ya injini zake za mvuke kubadilishwa kwa za dizeli katika miaka ya 1970, kwa sababu mwili wake ulistahili. Boti iliyooza haistahili motere mpya. Nguvu ile italegeza misumari yake.

Kwa boti za abiria hesabu ya dola haitoshi. Desemba 2014 Mutambala ilizama katika ziwa hili na zaidi ya watu 100 wakafa. Wakuu walitaja mzigo kupita kiasi na upepo mkali. Upepo wa kusini huvuma kwa nguvu miezi ya kiangazi, na boti iliyojaa ikizimikiwa na motere hugeuka ubavu kwa mawimbi. Motere ya kuvutwa kamba mara kumi ndipo iwake inaweza kumfaa mvuvi wa karibu na ufuko, si boti yenye akina mama na watoto wanaokwenda Uvira au Kalemie. Huko ifungwe mpya, na ile ya zamani, ikiwa moyo wake mzima, itengenezwe na kubebwa kama akiba.

Kipimo cha mgandamizo wenye boti wanaweza kukinunua kwa pamoja, kama wanavyochangiana misiba. Na wanaokusanya taksi bandarini wanaweza kuuliza motere ya pili iko wapi, kabla kamba haijafunguliwa.