Vijiaskari vya Mezani na Wapagazi Wasiohesabiwa

 

Ndugu msomaji, iko shughuli moja iliyoanzia Ulaya ambayo sasa imekwisha bisha hodi katika nyumba zetu. Ni shughuli ya kukusanya vijisanamu vya askari, kuvipaka rangi, kisha kuvipanga juu ya meza na kuvipiganisha kwa kanuni maalumu na kwa kutupa dadu. Wala usidhani waifanyao ni watoto. Wengi wao ni watu wazima, wenye kazi na wake na watoto, nao huitumilia fedha nyingi na usiku mwingi.

Kijiaskari kimoja urefu wake ni kama milimita 28, yaani kadiri ya kidole gumba kutoka ncha mpaka fundo. Zamani vilisubiwa kwa risasi, siku hizi vingi ni vya plastiki. Hupakwa kwanza rangi ya chini, kisha rangi za nguo, kisha humiminiwa maji ya rangi nyeusi yaingie katika mikunjo, kisha brashi kavu ikapitishwa juu ya matuta ili mwanga uonekane. Mboni ya jicho hutiwa kwa ncha ya unywele. Nasema kwa uadilifu: subira ile ni subira. Laiti wanafunzi wetu wangekuwa na nusu yake wanapofundishwa khati!

Mzazi mmoja wa hapa pwani ameniandikia juu ya mwanawe asomaye Uingereza, aliyerudi likizo na sanduku zima la vitu hivi. Swali lake ni moja: ni haramu au si haramu?

Jawabu la swali hilo mafakihi walikwisha litoa zamani. Sanamu kamili ya kiumbe mwenye roho, yenye kichwa na kivuli, imekatazwa katika madhehebu yetu ya Shafii, ila wametoa wanasesere wa watoto, kwa hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) na wanasesere wake na farasi wake mwenye mbawa. Na mtu wa miaka 30 mwenye ndevu si mtoto. Ama dadu, makemeo juu ya mchezo wa nardi ni makali na yajulikana, na wanavyuoni wetu wametenga mchezo uliojengwa juu ya fikira, kama sataranji, na ule uliojengwa juu ya bahati. Mchezo huu umetia vyote viwili chungu kimoja. Mzazi huyo na aende kwa sheikh wake wa karibu, atamweleza kwa urefu.

Lakini nina ugomvi na wahubiri wenzangu, nao ni huu: wao huishia hapo. Husema "sanamu", wakashuka mimbarini. Kijana akisikia hivyo huvikata vichwa vijiaskari vyake apate kutoka katika makatazo, au huviacha kabisa akaenda kupigana vita vile vile ndani ya kompyuta. Sanamu imeondoka, na ile fikira iliyokuwamo imebaki salama salimini. Mhubiri amepata nini?

Basi tuitazame fikira yenyewe. Mchezo huu haukuanza kuwa mchezo. Ulizaliwa Prussia, katika nchi ya Wajerumani. Afisa mmoja kwa jina von Reiswitz alimpelekea mfalme wake meza ya vita mwaka 1812, na mwanawe akaitengeneza upya mwaka 1824 kwa ramani na dadu, na wakuu wa jeshi wakaikubali iwe chombo cha kuwafundishia maafisa. Ilikuwa madrasa ya kuua watu kwa hesabu. Waingereza ndio waliouingiza sebuleni. Mwaka 1893 kiwanda cha William Britain cha London kilipata hila ya kusubu askari wenye uwazi ndani, wakawa wepesi na rahisi, na mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu chake cha kanuni, "Little Wars". Wells alidai kwamba vita vya sakafuni ni bora kuliko vita vya kweli, na kwamba mwenye kuvicheza ataona vita vikubwa vilivyo vya kipumbavu. Maneno mazuri. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaja, na mtu huyo huyo akatoa kitabu kingine, mwaka 1914, cha kuviunga mkono. Sikuona, basi, kwamba askari wake wa sakafuni walimkinga na lolote.

Baada yake wakaja wengine, kama Donald Featherstone na kitabu chake cha mwaka 1962, mtu aliyepigana kweli katika Vita vya Pili na ambaye hatuwezi kumwita mjinga wa vita. Leo kampuni moja ya Nottingham, Games Workshop, iuzayo vijiaskari vya vita vya kubuni, imeingia tangu Disemba 2024 katika orodha ya makampuni 100 makubwa ya soko la hisa la London. Hii si pipi ya watoto, ndugu yangu.

Watetezi wake wasema: "Mchezo huu wafundisha historia." Hapa ndipo nitakaposimama, maana hoja hii ndiyo iwapatayo wanetu wasomi. Kweli, wanasoma. Mpaka rangi kijiaskari cha mwaka 1898 ajua rangi ya kifungo cha koti. Lakini tazama mezani kwao. Mchezo hauwi mchezo mpaka pande mbili ziwe na tamaa ya kushinda. Kwa hivyo katika kanuni nyingi kila kijiaskari hupewa bei ya alama, na majeshi hupimwa kama sukari dukani mpaka mizani ikae sawa. Sasa ichukue Karari, nje ya Omdurman, tarehe 2 Septemba 1898. Waislamu wa Sudan wapatao 50,000 walikwenda na mikuki na bunduki kuelekea mizinga na bunduki za Maxim za Kitchener. Kabla jua halijawa kali walikuwa wamekufa kiasi cha 10,000 au zaidi. Upande wa pili walikufa 48.

Nambie, utaipangaje hiyo mezani? Ukiipanga kama ilivyokuwa, hapana atakayekubali kukaa upande wa Khalifa. Ukiisawazisha ili wageni wako wafurahi, umeifuta dhuluma yenyewe, nayo ndiyo historia. Mchezo wataka uadilifu baina ya wapiganao, na vita vya ukoloni havikuwa na uadilifu. Moja lazima life, na siku zote huuawa ukweli, kwa sababu watu wamekuja kucheza.

Wala tusiende Sudan. Njoo Tanga. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha karibu na Ras Kasone jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, na Lettow-Vorbeck akawangoja na watu 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Waingereza wakashindwa, wakarudi merikebuni wakaacha bunduki na risasi. Kisa hiki huwapendeza sana wapenzi wa meza: wachache wamewashinda wengi, na nyuki wametoka mizingani wakawauma watu. Na Lettow-Vorbeck akaendelea kuzungushana na maadui zake mpaka Novemba 1918. Vitabu vingi vimemsifu kwa werevu.

Werevu huo nani aliubeba? Katika nchi ile ya mbung'o farasi na nyumbu walikufa, na kila mkate na kila risasi ilikwenda kichwani mwa mtu, mzigo wa ratili 50 hivi, mvuani, na posho pungufu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanahistoria huwahesabu karibu 95,000, wengi kwa kuhara damu na homa na njaa. Upande wa Wajerumani hata daftari kamili halipo. Kambi yao Dar es Salaam iliitwa kwa jina lao la Kiingereza, Carrier Corps, na ulimi wetu ukaligeuza likawa Kariakoo. Nairobi likawa Kariokor.

Utaambiwa: "Wapagazi wapo, nao wanauzwa." Ndiyo, wanauzwa, wamepakwa rangi vizuri, na mzigo kichwani, nao husimama pembeni kupamba meza. Lakini mchezo wa saa tatu hauna nafasi ya mtu atakayehara miezi mitatu kisha afe chini ya mti pasi na risasi kumgusa. Dadu haitupwi kwa ajili yake. Na mwenye kucheza husimama juu ya meza, akitazama chini kama atazamaye jemadari, mkono wake ukishika kumi na kuwaondoa. Hakuna kanuni hata moja iwezayo kumshusha akatazame kutoka chini ya mzigo.

Na liko jambo jingine ambalo nyumba za pwani hazitapenda kulisikia. Tangu miaka ya 1990 mafundi wa Uingereza wametengeneza mafungu ya vijisanamu vya bara letu la karne ya 19: wapelelezi Wazungu, ruga-ruga, na watu wa pwani wenye kanzu na vilemba, ambao katika mchezo ndio wauzaji watumwa. Nimesikia waliokasirika. Mimi sikasiriki kwa hilo. Misafara ile ilikuwako, ilitoka Bagamoyo na Pangani na Kilwa, na miongoni mwa wenyewe walikuwako babu zetu waliosali sala tano. Anayetaka kulikana hilo na akabishane na makaburi. Kinachonichukiza ni kwamba mateka wa kweli, mama wa mtu, amegeuzwa kuwa alama za kushindaniwa baina ya chai na keki.

Mwenye kubisha atasema kwamba sataranji nayo ni vita. Naam, lakini farasi na ndovu wa sataranji hawana kabila wala mwaka, na hapana aliyewahi kuinuka kwenye ubao ule akadhani sasa ameijua Karari. Bao letu nalo kete zake ni kete tu. Kijiaskari kilichopakwa kifungo sahihi cha koti sahihi kinadai kuwa ni shahidi, na ushahidi wake ni nusu.

Wanetu huenda Kariakoo kila siku ya Mungu kununua viatu na vitambaa na simu. Waulize jina lile limetoka wapi.