Fizi Zinazofunika Meno Si Uchawi

Wapo watoto ambao fizi zao hukua mpaka zikafunika meno. Mara nyingi hali hii huanza wakati meno ya ukubwani yanapoota. Fizi huwa ngumu, na kwa kawaida haziumi. Lakini mtoto hupata taabu kutafuna, kusema na hata kufunga mdomo.

Baadhi yetu husema mtoto huyo amerogwa. Wengine humcheka mpaka anaona haya kwenda shule. Hayo ni makosa yetu sisi watu wazima.

Ugonjwa huu ni wa nadra, na mara nyingi hurithiwa. Baba au mama akiwa nao, kila mtoto wao anaweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu. Hauambukizi. Tunaweza kula naye sahani moja.

Tufanye nini? Tumpeleke kwa daktari wa meno. Yeye hukata nyama ya ufizi iliyozidi. Asikatwe na mtu asiye daktari, maana atatoka damu nyingi. Fizi zinaweza kukua tena, kwa hiyo apige mswaki kila siku na arudi kupimwa.

Mtoto anayefichwa ndani hatibiwi.