Hisabati ni lazima, je, mwalimu wa hisabati si lazima?

Aprili 2025, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba hisabati itakuwa somo la lazima katika sekondari ya juu. Mpango wa awali wa mtaala wa umilisi ulikuwa umeiacha hiari kwa wasiochagua mkondo wa sayansi, na wazazi na wadau wengi wakaja juu. Ndiyo maana wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, walioanza Januari 2026, wote wana hisabati. Wa mkondo wa STEM wanasoma ile kamili; wa sayansi za jamii na wa sanaa na michezo wanasoma ile nyepesi.

Uamuzi huo naunga mkono. Lakini ukimlazimisha mtoto somo, na wewe umejilazimisha kumtafutia wa kumfundisha. Upande huo wa pili hausikiki sana, na sisi wa Pwani ndio tutakaoumia ukisahaulika.

Tuseme haki: serikali haikukaa bure. Mwaka 1998, kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Ulianza na wilaya 9, na kuanzia 2003 ukatandazwa nchi nzima. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kinaendeleza kazi hiyo hadi leo. Fikra yake ni nzuri: mwalimu apunguze kuhubiri ubaoni, mwanafunzi ashike, apime na ajaribu kwa vifaa vinavyopatikana karibu. Baadaye ulikuja mradi wa shule za msingi uliopewa dola milioni 88.4 na ushirika wa kimataifa wa elimu, GPE. Sehemu ya fedha hizo ilinunua vitabu vya hisabati vya madarasa ya chini na kuwafunza walimu wake.

Basi mbona hisabati bado ni jinamizi? Fuata pesa. Katika mgao wa shilingi 22,244 uliopangiwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka, fungu la SMASSE liliwekwa shilingi 200. Haifiki hata shilingi moja katika kila mia. Na mgao wenyewe haufiki shuleni kamili: Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba hazina inamudu takriban shilingi 16,900. Mwalimu mkuu akipokea pungufu, stima atalipa na mlinzi atamlipa. Kinachoahirishwa ni vifaa na mafunzo, kwa sababu hivyo havina mtu wa kuja kudai mlangoni.

Pili, angalia mafunzo yanavyosafiri. Mkufunzi wa taifa humfunza mkufunzi wa kaunti, naye humfunza mwalimu wakati wa likizo. Yakifika Kiunga au Garsen ni chai iliyoongezwa maji mara tatu. Mwalimu akirudi darasani, ni nadra kupata mtu wa kuketi nyuma ya darasa, kumtazama na kumwambia hapa umepatia, hapa rekebisha. Warsha bila ufuatiliaji huzaa cheti tu.

Sekondari ya msingi nayo ilipoanza 2023, sehemu kubwa ya mzigo iliwekwa mabegani mwa walimu wanagenzi wenye posho ndogo. Mtu amesomea masomo mawili, akajikuta anafundisha karibu kila kitu. Mwaka 2024 waligoma, na sishangai. Watoto waliopitia hapo ndio hawa wa Gredi ya 10.

Kuna jambo jingine ambalo Nairobi halionekani upesi, nalo ni lugha. Sera yetu, tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, inataka mtoto wa madarasa ya chini hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Lakini vitabu vya hisabati anavyopewa ni vya Kiingereza. Mtoto wa Faza au Gazi anaweza kugawa maembe 24 kwa watu 6 bila kuandika. Mpe swali lilo hilo kwa Kiingereza, atakwama kwenye maneno kabla ya kufika kwenye hesabu. Nasi tunaandika kwamba hajui hisabati.

Kiswahili hakikupungukiwa. Tanzania Bara, shule za msingi za serikali zinafundisha hisabati kwa Kiswahili. Na chuoni kwetu, atakayesoma mirathi atakutana na thumni ya mke na sudusi ya mama pale marehemu anapoacha watoto. Hizo ni sehemu, na ni hesabu nzito. Simwambii mwalimu atupe Kiingereza, kwani mtihani uko kwa lugha hiyo. Nasema mwalimu afunzwe, kwa mpango wa serikali, kuanza na neno analolijua mtoto kisha amvushe.

Viongozi wetu wanapenda kugawa basari na kuzindua madarasa, maana hundi na utepe hupigwa picha vizuri. Basari inamfikisha mtoto shuleni. Haimfundishi kugawa.

Tunachoweza kudai kinaeleweka. TSC iangalie upungufu wa walimu wa hisabati shule kwa shule, maana idadi ya walimu wote kwa jumla huficha pengo. Fungu la mafunzo litengwe lisiguswe, na liwalipe wakufunzi wanaoingia madarasani Tana River na Lamu badala ya kuwaita walimu hotelini. Magavana wetu sita nao wana sehemu yao: Katiba imewapa elimu ya chekechea, na huko ndiko mtoto anapojifunza kuhesabu kwa mara ya kwanza. Kumwajiri mwalimu wa chekechea, kumlipa na kumfunza hakuhitaji ruhusa ya Nairobi.

Kila siku tunalalamika kwamba kazi za bandari na za Dongo Kundu zinachukuliwa na wageni. Malalamiko mengine yana haki. Lakini ubaharia, uhandisi na uhasibu vyote huanza na hisabati, na mtoto aliyeachwa nyuma Gredi ya 3 hafiki kwenye mlango wa kubaguliwa. Kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti kitakapofika wadi yako, nenda. Usiulize basari peke yake. Uliza shule ya mtaani kwako ina walimu wangapi wa hisabati, na mara ya mwisho walifunzwa lini.